Mwani Hauoshwi

Katika mji wetu mdogo wa njiapanda, huko juu ya Msambweni ambako bahari huonekana kama uzi tu, mtu haulizwi anafanya kazi gani. Huulizwa ni wa nini. Babu yangu alikuwa wa sukari. Nyanya alikuwa wa korosho. Mpaka uzeeni vidole vyake vilikuwa na mabaka meusi ya mafuta ya maganda, na alipompa mgeni mkono alivikunja kidogo. Mjomba alikuwa wa hoteli kule Galu, na akija Idi alitukunjia taulo letu moja la maana likawa bata, nasi tukashinda siku nzima hatuogi kwa kulihurumia. Baba yangu alikuwa wa mchanga.

Kiwanda cha babu sikukiwahi. Nilikuta mabati yenye kutu na hadithi. Alikuwa akisema king'ora cha kiwanda ndicho kilichokuwa saa ya mji, kwa hivyo kiliponyamaza, nyumba nyingi zilikula wali ulioungua, maana wanawake walikuwa wamezoea kuepua chungu king'ora kikilia. Babu alikicheka kisa hicho mpaka machozi, kisha machozi yenyewe yakaendelea baada ya kicheko kwisha, nasi watoto tukajifanya hatuoni.

Kisha ukaja mchanga. Walikuja watu na mitambo mikubwa, wakasema udongo wetu mwekundu una madini. Mji ambao ulikuwa na duka moja la unga na chumvi ukaota vyumba vya kupangisha, bucha mbili, saluni, na kibanda cha kuchaji simu. Vijana kutoka bara walijaa. Mamangu aliweka meza yake njiapanda, akauza mahamri na mbaazi za nazi kabla ya alfajiri, wakati zamu moja inatoka na nyingine inaingia.

"Mathe, ndazi mbili chapchap, gari inaniacha!" angesema mmoja.

"Kwanza ni mahamri, si ndazi," mama angemjibu. "Pili mimi si mathe. Sema shikamoo, gari litakungoja."

Na kijana angesema shikamoo huku anarukaruka, na mama angemwongezea mbaazi.

Kazi ya baba ilikuwa kuosha mchanga. Nilimwuliza mara nyingi maana niliona ajabu mtu mzima kulipwa kwa kuosha mchanga. Akanieleza kwamba unachanganywa na maji mengi, unazungushwa kwenye mifereji iliyojisokota, ule mwepesi unakwenda zake na ule mzito wenye madini unabaki. "Osha mpaka kibaki kinachotakiwa," alikuwa akisema, na akaitia kanuni hiyo kwenye kila kitu. Aliosha embe kabla ya kulimenya na baada ya kulimenya. Aliosha kuni.

Lakini hayo niliyajua kwa vipande. Kwa kweli nilikua nikimjua baba kama jozi ya viatu mlangoni. Vikiwa vimeelekea ndani, amelala, tusipige kelele. Vikiwa havipo, yuko zamu. Sina chuki, alitulea. Nasema tu jinsi ilivyokuwa.

Halafu madini yaliisha. Hatukufukuzwa wala hatukudanganywa. Tuliambiwa mapema, na watu wakatikisa vichwa kama wanaosikia, lakini hakuna aliyesikia. Mitambo iliponyamaza, wapangaji waliondoka na magodoro yao juu ya pikipiki. Bucha zikafungwa, moja kisha ya pili. Mbuzi wakahamia varanda ya saluni. Mama aliendelea kukaanga mahamri, akarudi nayo, tukayala asubuhi, mchana na jioni, mpaka mdogo wangu akaomba tupike ugali kwa heshima ya tumbo lake.

Ndipo mama mkubwa, dadake mama, akapiga simu kutoka Kibuyuni, kwao pwani. "Nyinyi mnakaa juu huko mnangoja kampuni nyingine ishuke na mvua? Njooni mfunge mwani."

Tukashuka. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuionyesha sana, maana watu wazima walikuwa na huzuni. Nilikuwa nimetoka shule kidato cha pili, na kichwani mwangu mna duka ambalo halijajengwa bado: sabuni za mwani zimepangwa kwa rangi, kengele ndogo mlangoni, watalii wa Galu wanasema wanataka kumi. Nilishaichagua hata rangi ya pazia. Watu hunicheka, nami huwaacha wacheke. Pazia ni la kijani.

Baba alikuja nyuma yetu na begi dogo. Tulijua begi lina maana gani. Rafiki yake wa zamu alikuwa amepata kazi kwenye mgodi wa nchi nyingine, ng'ambo, mkataba wa miaka miwili, na alikuwa amemwambia baba kwamba nafasi ipo, karatasi tu ndizo zinazongojewa. Baba alikuja Kibuyuni kupumzika mpaka simu ilie.

Hapo ndipo nilipotia nia. Kwa sababu katika wiki zile mbili tatu za kukaa bure, nilianza kumpata baba. Niligundua huimba akinyoa ndevu, na huimba vibaya. Niligundua anaogopa kaa, hata wale wadogo kama kifungo. Niligundua anajua kusuka nywele, alijifunza kwa dada zake, na alimsuka mdogo wangu mistari iliyonyooka kuliko yangu. Nilikuwa msichana mkubwa wa kuolewa na ndiyo kwanza nakutana na babangu. Nikasema moyoni: huyu haendi.

Lakini sikuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo. Nikazunguka.

"Baba, usiondoke kabla hatujavuna mwani wetu wa kwanza."

"Mwani ni kazi ya wanawake, mwanangu."

"Sijakwambia uvune. Nimesema ungoje."

Akacheka. "Na huo mwani unachukua muda gani?"

"Mabamvua matatu," nikasema, kama mtu aliyezaliwa majini, kumbe nimeambiwa jana.

Akakubali, maana karatasi zenyewe zilikuwa bado.

Bamvua ni zile siku ambazo bahari hujiondoa mbali, mwezi ukiwa mpya au ukiwa mpevu, na hapo ndipo wanawake wa Kibuyuni huingia kazini. Wakati mwingine wote tulikaa juu ya mikeka tukafunga vipande vya mbegu ya mwani kwenye kamba, kimoja kimoja, kama mtu anayefunga vifungo vya shati lisilokwisha. Maji yakipwa tulizibeba kamba kichwani, tukatembea mbali kwenye maji ya magoti, tukazikaza baina ya vigingi. Siku ya kwanza nilikanyaga shamba la wenyewe. Siku ya pili nilianguka na kapu. Chumvi ilinichana vidole, jua likanichoma kisogo, na usiku nilisikia mawimbi yakipita ndani ya mgongo wangu. Nikaamka nikaenda tena. Mama mkubwa akaniangalia akasema, "Huyu ana kichwa kigumu, atafaa."

Hakunificha kwamba mwani nao una visirani vyake. Joto la kaskazi likizidi, huchubuka na kukatika. Mnunuzi hupandisha bei akitaka, akateremsha akitaka. "Usije ukadhani umefika," aliniambia. "Hapa pia ni kazi, kama ile ya babako." Nikamwambia sijafika, nina duka la kujenga. Akauliza duka gani, nikamweleza mpaka pazia, naye akasikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Ndiyo maana nampenda.

Baba alikaa pwani kwenye kivuli cha banda la kukaushia, akitutazama. Wanawake wa kikundi cha mwani hawakumpa raha. Kwao yeye ni shemeji, mume wa dada yao, na shemeji kwetu kutaniwa ni haki yake.

"Shemeji, huko kwenu juu bahari mnaiona kwenye picha?"

"Mwacheni, anachunga upepo usiibwe."

"Shemeji, njoo, kaa wote tumewafukuza!"

Baba alitabasamu na kuvuta miguu yake mbali zaidi na maji.

Bamvua la tatu tukavuna. Mwani wetu ulitoka mzito, wa rangi ya kahawia iliyoiva, tukautandaza juu ya chanja, zile meza za miti na nyavu zinazoinua mwani usiguse mchanga. Chanja ya pembeni yetu ilikuwa ya bibi mmoja mjane, jirani wa mama mkubwa, mtu wa maneno machache, ambaye mwani ule ndio unga wake na ndio daftari na sare za wajukuu wake. Jua lilikuwa zuri. Lori la mnunuzi lilikuwa likija Jumatatu.

Ijumaa ile kulikuwa na harusi Shimoni. Wanawake wote tukavaa, tukaenda. Baba akasema yeye atabaki kulinda chanja, mbuzi wasije wakala. Tukamshukuru. Mama mkubwa akamwachia sahani ya wali.

Sasa niwaeleze alichokiona baba, kwa jinsi alivyotueleza mwenyewe. Alikaa, akala, akafukuza mbuzi. Akaukaribia mwani, akaona juu yake kuna kitu cheupe, kama vumbi. Akaugusa, vumbi likamshika kidoleni. Ilikuwa chumvi tu. Mwani unapokauka hutoa chumvi, na mnunuzi akiiona chumvi hiyo hufurahi, anajua umekauka wenyewe. Lakini babangu alikuwa wa mchanga. Alichoona ni uchafu umekaa juu ya mali. Akawaza: wanangu wamehangaika, lori linakuja, na hakuna aliyekumbuka hatua ya mwisho.

Akachukua madumu. Akaenda kisimani, akarudi, akaenda, akarudi. Aliuosha mwani wetu wote kwa maji ya kisima, maji baridi matamu ya kunywa, akiugeuza kwa mikono miwili. Akaona asiwe mchoyo. Akaosha na wa bibi jirani.

Tuliporudi, jua limeanza kulala, tulimkuta amesimama kando ya chanja, suruali imelowa mpaka mapajani, uso unang'aa kwa furaha.

"Karibuni," akasema. "Nimewaoshea."

Sikuelewa mpaka nilipoona uso wa mama mkubwa. Alikuwa ameweka mkono juu ya mwani akauinua, na mwani ukamtelezea kama mrenda. Ule ukahawia ulikuwa umeutoka, umekuwa na weupe wa mgonjwa. Mwani huishi katika chumvi. Ukiupa maji matamu baada ya kuukausha, kile kinachonunuliwa ndani yake huyeyuka na kwenda zake, ukabaki ngozi tupu.

"Umeuosha," mama mkubwa akasema.

"Vizuri kabisa," baba akasema. Kisha akatuangalia mmoja mmoja, na furaha ikamtoka usoni polepole, nami nilitamani kuikimbilia niirudishe.

Mwanamke mmoja, bado ana hina mbichi ya harusi, alishindwa kujizuia. "Yallah! Shemeji kauosha mwani kama vyombo vya walima!" Wengine wakacheka, kicheko cha kushtuka, mara kikakatika, maana bibi jirani alikuwa amefika kwenye chanja yake. Hakulia wala hakugomba. Aliuchukua mwani kidogo, akaunusa, akauweka. Akasema, "Alhamdulillahi kwa kila hali," akatandua kanga ya kutokea, akaikunja.

Baba akamfuata. "Mama, nisamehe. Nitakulipa. Niambie ni kiasi gani."

Bibi akatikisa kichwa. "Hapa mwani haulipwi kwa pesa, mwanangu. Pesa hununua unga. Bamvua lililopita hainunui."

Hilo ndilo sharti la kikundi cha pale, na hakuna aliyeliandika. Aliyeharibu mwani wa mwenzake hukaa mkekani akafunga kamba za aliyemharibia, akazipeleka baharini mwenyewe, akazilinda, akazivuna na kuzikausha. Mikono yake ndiyo inayorudisha. Na hatumwi mtu badala yake.

"Mwenyewe?" baba akauliza.

"Mwenyewe," mama mkubwa akasema. "Baharini. Na kaa zake."

Simu ikalia wiki ile ile, kama iliyokuwa ikisikiliza. Tulikuwa tumekaa uani, baba yuko mkekani na fundo lake la tatu la asubuhi, linafunguka kila akiliachia. Rafiki yake alikuwa akisema kwa sauti ya juu, sote tukasikia: karatasi ziko tayari, kundi linaondoka mwisho wa mwezi, yuko tayari?

Mimi nikaacha kufunga. Najua mtu angeweza kuondoka. Bibi yule asingemshika mguu. Kibuyuni si jela, na mama angeweza kubaki akafunga kamba zile kwa niaba yake, hata kama sharti linakataa. Baba alitazama kamba, akatazama kule nyumbani kwa bibi, ambako wajukuu walikuwa wakitoka kwenda shule na viatu mikononi.

"Siwezi mwisho wa mwezi," akasema. "Nimeharibu kitu cha watu. Nakirudisha kwanza."

"Kitu gani hicho? Lipa uje!"

"Hakilipwi," baba akasema. "Mimi pia nilidhani kinalipwa."

Akakata simu, akarudi kwenye fundo lake. Likafunguka.

Nilifurahi? Kidogo, na niliona haya kufurahi mbele ya chanja ya bibi iliyo tupu. Kwa hivyo niliifanyia furaha hiyo kazi. Nilimfundisha baba fundo mpaka likashika. Nikamwamsha maji yakipwa. Nikamshika mkono siku ya kwanza, yeye na mabuti yake makubwa ya mgodini yaliyojaa maji mara moja yakawa mazito kama mawe, na wanawake wakapiga vigelegele kama wanampeleka bwana harusi.

"Shemeji, huko ndani umeoshwa wewe sasa!"

"Mvueni hayo mabuti, atatuzamia!"

Akayavua. Akatembea na makubadhi ya plastiki kama sisi. Kaa alipompitia juu ya kidole aliruka akaniangukia mimi na kapu, tukazama sote wawili, na nilipoibuka, nikitema maji, alikuwa anacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka vile, mdomo wazi, kama kijana.

Akawa anakwenda kila bamvua. Kamba za bibi zilipokatika kwa wimbi, alizirudia. Majani ya bahari yalipozisonga, aliyaondoa kwa vidole. Na bila kusema lolote alianza kufunga nyingine chache pembeni, akazitia kwenye vigingi alivyovichonga mwenyewe. Nilipomwuliza ni za nani, alisema ni za mazoezi.

Bamvua la tatu likaja, mwani wa bibi ukavunwa, ukakauka na chumvi yake juu, hakuna aliyeugusa. Baba alilala bandani siku zote zile, hakwenda popote, hata harusi. Lori likaja, likauchukua. Bibi akasimama mbele yake, akampa mkono.

"Sharti limekwisha, baba. Nimeridhika nawe. Ukitaka safari yako, nenda kwa amani."

Jioni ile rafiki yake akapiga tena. Kundi la pili linakusanywa. Baba akasema atampigia, akaja akaketi karibu nami nilipokuwa nakoroga sabuni ya majaribio kwenye sufuria ya zamani. Ilikuwa inanuka samaki kidogo. Bado inanuka, natafuta dawa yake, mdalasini au karafuu, nitaipata.

"Wataka niende?" akaniuliza.

Nikaendelea kukoroga. Nilikuwa na maneno mengi ya kuzunguka tayari: bei, joto, vigingi vyake, mdogo wangu anakaribia mitihani. Yote yakanikimbia.

"Sitaki," nikasema. "Sitaki uende, baba. Nimekupata juzi tu."

Akasema, "Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo, ukanizungusha na mwani?"

"Nilidhani hutasikia."

"Masikio yangu mitambo imeyala," akasema, "lakini si kiasi hicho."

Aliinuka akaenda nje kupiga simu. Sikumfuata, ila ukuta wa makuti hauzuii neno. Alimshukuru rafiki yake, akamwombea heri, akamwambia nafasi yake ampe mtu mwingine wa zamu yao ambaye ana watoto na hana pwani ya kwenda. Rafiki, kwa sauti yake ile ile ya juu, akauliza, kwa hivyo sasa wewe ni wa nini? "Bado najifunza," baba akasema.

Alirudi, akaichungulia sufuria yangu, akakunja pua.

"Kesho maji yanakupwa saa ngapi?"

"Saa nne," nikasema. "Tunatoka saa mbili."

"Niamshe."

Mama mkubwa, aliyekuwa jikoni muda wote ule, akapaza sauti: "Akija, shemeji aje na kamba zake! Za kuazima hatuna!"